Miche ya glirisidia ya kitalu cha barabarani: nyota nne, na hiyo moja nimeinyima kwa makusudi

Haya, nilisema nitaandika nikishaona matokeo kwa macho yangu, sasa nimeona, nimevuna msimu mmoja na wiki iliyopita nimepogoa mara ya pili, mikono bado ina malengelenge, kwa hiyo ngoja niandike kabla sijasahau. Ni kuhusu miche ya glirisidia, ule mti unaotia mbolea ardhini, niliyonunua masika ya mwaka jana kwenye kitalu kimoja kando ya barabara huku Morogoro. Miche 150, kila mmoja shilingi 500, guta la kubebea elfu 15 mpaka shambani upande wa Mvomero. Nusu eka ya mahindi ambayo kwa miaka kadhaa ilikuwa inanipa magunia ya aibu. Jina la kitalu sitaji maana nina mazuri yake na nina mabaya yake na yule mama tunakutana mpaka misibani.

Ila kwanza niwape historia, maana mimi kwenye hii habari ya miti ya mbolea nilianza kwa kupigwa.

Mwaka juzi nilinunua miche 60 sehemu nyingine kabisa, kuna mzee anauza chini ya mwembe, nikamwambia shikamoo mzee wangu, natafuta ile miti inayotia mbolea ardhini, akaitika marahaba mama, umefika, hii yote unayoiona ni jamii ya mikunde, yote inatia mbolea. Nikabeba, nikapanda, nikamwagilia kiangazi chote na ndoo kichwani. Siku mtoto wa kaka yangu amekuja kunitembelea, anasoma kilimo hapo chuo kikuu cha SUA, nikampeleka shamba nijishaue, akasimama katikati ya mstari akashika jani akaniangalia usoni akasema shangazi, hii si ni mijohoro?

Sasa mjohoro sio mti mbaya jamani, kuni unatoa, nguzo unatoa, kivuli ndo usiseme. Na yule mzee hakudanganya yote, mjohoro kweli ni ukoo wa mikunde. Shida ni kwamba sio kila mwanaukoo anafanya ile kazi. Mjohoro hauoti vinundu kwenye mizizi, vile vivimbe vidogo wanamokaa bakteria, na bila vinundu hakuna naitrojeni ya hewani, ambayo ndo mbolea yenyewe, unakula ya ardhini kama mahindi yako tu, tena unagombania nayo. Ukwaju nao hivohivo, mkunde lakini hauna vinundu. Mkrismasi ule unaowaka maua mekundu mwezi wa 12, hauna. Na mgrevilea ambao watu wanaupanda kwenye kahawa wakidhani unatia mbolea wala sio mkunde, ni mti wa Australia wa ukoo mwingine kabisa. Alafu kuna kioja cha upande wa pili, mvinje! Mvinje sio mkunde, una majani kama sindano, lakini wenyewe unavuta naitrojeni hewani vizuri tu, ila bakteria wake ni wa aina nyingine, wanaitwa Frankia. Ndo maana kule Bamburi Mombasa, René Haller alipoanza kupanda miti mwaka 1971 kwenye machimbo ya kiwanda cha simenti, pameparuliwa udongo wote pamebaki mwamba wa matumbawe tu, kati ya miti ya kwanza kushika alikuwemo mvinje, alafu wakaletwa majongoo watafune zile sindano zilizoanguka mpaka ukapatikana udongo. Leo ni msitu, watu wanaenda kuangalia viboko na twiga. Kwa hiyo ukiambiwa "jamii ya mikunde" usiishie hapo, uliza swali la pili.

Basi mara hii nilienda na yule kijana, nikamwambia mwanangu leo hatununui kwa maneno, tunanunua kwa mizizi.

Kitalu chenyewe kimepangika, nampa maksi zake. Kuna neti ya kivuli, viriba vimepangwa kwa mistari, kila aina ina kibao, mlusina, kaliandra, glirisidia, sesbania, na miti ya matunda upande wa kulia. Choo kipo. Maji ya bomba yapo. Yule mama anajibu ukimuuliza, sio wale wanaokwambia chukua tu dada utaona. Miche ya glirisidia ilikuwa sehemu mbili: mbele karibu na barabara kuna iliyonona, mirefu, kijani cha kuiva mpaka inang'aa, na nyuma kule chini ya neti kuna mingine mifupi kidogo, kijani chake kimepauka, ukiitazama unasema hii inaumwa. Bei moja. Mimi mkono wangu ulikuwa umeshaenda kwenye ya mbele.

Kijana akasema shangazi subiri. Akamwomba mama aue mche mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma tuangalie mizizi. Mama akacheka, "mdogo wangu unataka kuniulia miche yangu kwenye kitalu changu mwenyewe?" akasema sawa lakini mtailipia yote miwili. Tukalipa buku. Kijana akachana viriba kwa wembe, akaiweka kwenye ndoo ya maji ikae kama dakika tano udongo ulainike, hakuivuta, alikuwa anaitikisatikisa taratibu kama anaosha dagaa, maana ukivuta kwa nguvu vile vinundu vinabaki kwenye udongo afu unasema havipo.

Mche wa mbele, ule wa kunona: mizizi myeupe, misafi, mizuri, na hakuna kitu. Hata kimoja. Mche wa nyuma ule mgonjwa: vinundu vimejaa, vya ukubwa wa mtama na vingine kama harage dogo, vimening'inia ubavuni mwa mizizi. Akakibandua kimoja akakipasua na ukucha, ndani kina rangi ya waridi inayoelekea nyekundu, kama fizi za mtoto mchanga. Mimi nilishika mdomo. Yaani mti una nyama!

Hapo ndo nikapewa somo, nimesimama kwenye matope ya kitalu, na nitawapa kama nilivyolielewa.

Hewa hii tunayovuta, asilimia 78 ni naitrojeni. Kila jani la muhindi wako limezungukwa na naitrojeni mchana na usiku na bado linakuwa njano kwa njaa ya naitrojeni, kama mtu anakufa kiu katikati ya bahari. Sababu ni kwamba ile naitrojeni ya hewani atomu zake zinakaa mbilimbili na zimeshikana kwa mikono mitatu, kuzibandua ni shughuli pevu. Kiwandani wanakotengeneza urea inabidi wapashe moto nyuzi 400 mpaka 500 na mgandamizo wa mara zaidi ya 150 ya hewa ya kawaida, na haidrojeni yenyewe mara nyingi inatolewa kwenye gesi asilia, ndo maana gesi ikipanda huko duniani na mfuko wa urea unapanda hapa dukani. Mti hauwezi kuzibandua kwa nguvu zake. Hakuna mti wowote unaoweza. Wanaoweza ni bakteria, na wanafanya kimyakimya kwenye udongo wa joto la kawaida tu.

Kwa hiyo mti unatafuta bakteria. Mzizi mchanga unatoa vitu fulani kwenye udongo, ni kama harufu, na bakteria aina ya raizobia wakiinusa wanasogea na wao wanatoa ishara yao ya kujibu. Yaani ni hodi na karibu kabisa, na kama hodi haijapigwa kwa lugha ya nyumba hiyo mlango haufunguliwi, ndo maana raizobia wa maharage wanaweza kukaa kwenye shamba lako miaka na miaka na mlusina wako usifaidike nao chochote, mlusina unajulikana kwa kuchagua. Wakielewana, kinyweleo cha mzizi kinajikunja kinawakumbatia, kinatengeneza kijinjia kama mrija kwenda ndani, bakteria wanapita humo wanaongezeka, na mzizi unawajengea chumba. Hicho chumba ndo kinundu. Wajerumani wawili, Hellriegel na Wilfarth, ndo walithibitisha mwaka 1888 kwamba mikunde inapata naitrojeni ya hewa kupitia vinundu, na mwaka huohuo Mholanzi Beijerinck akawatoa bakteria wenyewe akawaotesha peke yao. Kabla ya hapo wakulima walijua tu kwamba ukitoa mikunde shamba linakuwa limepumzika, wanasayansi wakawa wanabishana.

Sasa ile rangi nyekundu. Bakteria wanatumia kimeng'enya kinachoitwa naitrojenesi, ndani yake kina chuma na molibdeni, na hicho kimeng'enya kikikutana na oksijeni kinaharibika. Lakini bakteria wenyewe wanahitaji oksijeni ili wapate nguvu ya kazi. Mtihani! Mti ukautatua kwa kutengeneza kitu ndugu wa damu yetu, leghemoglobini, kinaishika oksijeni kama damu inavyoishika, kinawagawia bakteria kidogokidogo bila kuiacha izagae. Kwa hiyo kinundu chekundu ndani maana yake watu wako kazini. Kikiwa cheupe au kijivu ni kichanga bado au ni bakteria wavivu wamekaa bure wanakula sukari, na kikiwa cha kijani au kahawia kimezeeka kimekufa. Hii peke yake ilinilipa ile buku.

Na wanakula kweli. Kila jozi moja ya naitrojeni inayobanduliwa inakula yuniti 16 za nishati, hizo ATP, mimi naifikiria kama LUKU, mita inakimbia. Anayelipa ni mti, kwa sukari inayotengenezwa majani kwenye jua, inashushwa mpaka chini kwenye vinundu. Bakteria wanatoa amonia, na amonia ikirundikana ni sumu, kwa hiyo mti unaifunga haraka kwenye glutamini, kisha kwenye vitu kama asparajini, inapandishwa na maji kwenda juu kwenye majani na ncha zinazokua kutengeneza protini na kile kijani chenyewe. Ndo biashara yao, sukari inashuka naitrojeni inapanda.

Nikauliza basi kwa nini ile ya mbele ina kijani zaidi wakati haina vinundu? Kijana akamgeukia mama, mama akaangalia pembeni kidogo, afu akasema ukweli, na kwa hilo namheshimu: ile ya mbele inamwagiliwa urea. "Wateja wananunua kwa macho dada yangu, mtu anapita na gari anaona kijani anasimama." Mti nao unapenda mteremko, ukiupa naitrojeni iliyopikwa tayari haujengi vyumba vya watu wa kuwalipa, unakula ya bure. Ule wa nyuma umelazwa na njaa kidogo ukalazimika kutafuta washirika, ndo maana umepauka, ulikuwa kwenye mpito. Kwa hiyo kwenye kitalu kile unalipa bei ileile kwa mche uliosomeshwa kufanya kazi na mche uliodekezwa, na kama hujui unachukua uliodekezwa. Hapa ndo nimekata nyota moja. Urea kwenye kiriba cha mti wa mbolea, kweli? Si angalau aweke kibao?

Mama akajitetea kwamba huo uliodekezwa ukifika shambani utaota vinundu baadae, na kwa haki, hilo linawezekana, kama raizobia wake wapo kwenye udongo wako. Lakini mimi nimenunua mche ili niwahi, sio nikabahatishe.

Jambo la nyuma ya pazia ambalo nilipenda: ile miche ya nyuma udongo wake anachanganya na udongo uliochotwa chini ya glirisidia ya zamani ambayo ipo uwani kwake. Hiyo ndo chanjo ya bure. Zipo chanjo za raizobia za pakti lakini unatakiwa kujua ni ya mmea gani, ya soya sio ya mlusina, na zile ni viumbe hai, ukiacha kwenye dashibodi ya gari juani umenunua unga. Kama unaotesha mwenyewe kwa udongo uliochimbwa shimo la choo, ule mwekundu wa chini, huo hauna watu, lazima uchote kiganja cha udongo chini ya mti mkubwa wa aina hiyohiyo.

Tukachukua 150 ya nyuma yote. Mama akatuongezea mitano bure, na nadhani alifurahi kuondokewa nayo.

Kupanda sielezi sana, hatua nne kwa tatu kati ya mahindi, shimo la goti. Nilitia gao la mbolea ya Minjingu, ile ya fosforasi, kila shimo maana bila fosforasi ile mita ya nishati haisogei, vinundu vinakuwa vichache na vidogo, na hili watu wengi hawaambiwi, wanadhani mti wa mbolea haudai mbolea. Unadai. Haudai naitrojeni tu. Udongo wenye asidi sana nao unawabana bakteria na unaficha ile molibdeni. Mchwa walinisumbua kiangazi, mbuzi wa jirani wakanisumbua zaidi, katika ile 155 imebaki 131. Sio mbaya.

Mwezi wa sita mwaka jana nikafukua mmoja kwa udadisi. Vinundu vimeongezeka, vingine vimekuwa kama kunde. Nikapasua, nyekundu. Nikafukia nikaomba msamaha. Kuna mmoja ulikuwa umedumaa nikafukua nao, nikaona mavimbe nikafurahi kumbe sivyo, hayo yalikuwa ya minyoo fundo. Tofauti yake ni rahisi: kinundu kinabanduka ukikisugua na kidole kwa sababu kimebandikwa ubavuni, uvimbe wa minyoo haubanduki, ni mzizi wenyewe umevimba. Ule niliung'oa nikauchoma.

Sasa tuje kwenye sehemu ambayo nataka msome taratibu, maana hapa ndo wengi wanapanda, wanakaa miaka miwili, wanasema miti hii ni uongo wa wafadhili.

Mti hauvujishi mbolea kwenda kwa mahindi. Mimi nilikuwa nafikiria hivo, kwamba ukiupanda pembeni ya muhindi ni kama umeweka bomba. Hapana. Naitrojeni ikishapanda juu ni mali ya mti, imefungwa kwenye majani. Kiasi kidogo kinatoka kupitia mizizi na vinundu vinavyokufa, lakini mali yenyewe ipo kwenye majani, na mahindi hayaipati mpaka yale majani yaanguke au wewe uyakate uyafukie. Yakishafukiwa, wadudu na kuvu na bakteria wengine kabisa wanayaozesha, protini inageuka tena kuwa amonia, afu wengine wanaigeuza kuwa naitraiti na hatimaye naitreti, na hiyo ndo mahindi yanafyonza. Glirisidia ni jani laini, linaoza kwa wiki chache tu. Kaliandra lina tanini, ile kemikali inayokakasa mdomo, linachelewa, hilo zuri kwa ng'ombe kuliko kwa kufukia. Na ukipogoa, chini nako sehemu ya vinundu inakufa kwa sababu sukari imekatwa, inaachia kidogo kwenye udongo, kisha majani yakichipua vinajengwa vipya. Usipopogoa umepanda kivuli, mahindi yatakulaani.

Nilipogoa mara ya kwanza mwezi wa pili mwaka huu kabla ya masika, nikapima kwa mzani wa kuning'iniza, kilo 130 za majani mabichi. Nikajiona tajiri. Kijana akachukua simu akapiga hesabu, akasema shangazi, robo tatu ni maji, inabaki kilo kama 32 kavu, katika hizo asilimia kama 3 ni naitrojeni, kwa hiyo una kilo moja ya naitrojeni. Urea ni asilimia 46. Kwa hiyo umepata kilo mbili za urea.

Mbili! Nimebeba ndoo kichwani kiangazi kizima!

Nilinuna mpaka jioni. Lakini ndo ukweli na nauandika hapa kwa sababu wauzaji hawausemi: mfuko mmoja wa urea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23, kuufikia kwa majani mabichi ya glirisidia unahitaji tani tatu. Tena katika hayo majani sio naitrojeni yote imetoka hewani, nyingine mti umeiokota ardhini kwako mwenyewe, na sio yote inayofukiwa mahindi yanaipata msimu huohuo. Kwa hiyo mwaka wa kwanza ukiona mtu anakwambia ameachana na mbolea ya dukani kwa sababu ya miche ya miezi kumi na moja, mwangalie tu.

Ila wiki iliyopita nimepogoa tena, miti ileile, kilo 390. Mara tatu. Hiyo ni kama kilo 6 za urea, na miti bado michanga, mashina hayajafika unene wa mkono wangu, na glirisidia ukiikata inachipua, ukiikata inachipua, haichoki. Na majani hayaleti naitrojeni peke yake, yanaleta potasi na kalsiamu na ile mboji yenyewe, udongo wangu ulikuwa unakauka unapasuka kama kisigino cha kiangazi, sasa hivi chini ya mistari ukichimba na jembe unanuka vizuri na nyungunyungu wapo. Urea haijawahi kuniletea nyungunyungu.

Mavuno nisiwadanganye, magunia matatu yamekuwa manne, lakini na mvua ilikuwa nzuri mwaka huu na nilitia samadi kidogo, siwezi kuupa mti sifa zote. Nilichoona kwa macho ni kwamba kwenye mistari niliyofukia majani, yale majani ya chini ya muhindi yalichelewa kuwa njano kuliko upande ambao sikufukia. Kidokezo: fukia siku hiyohiyo unayokata. Nilipoyaacha juu yakakauka mpaka yakawa kama tumbaku, naitrojeni nyingine inapotea hewani, inarudi ilikotoka.

Mbuzi: mwanzoni walikataa kabisa, jani bichi la glirisidia lina harufu fulani, wakawa wananusa wananiangalia kama nimewatukana. Lilaze mpaka kesho yake linyauke, wanakula vizuri. Ila usiwape hilo tu. Na panya wa ghalani mtaambiwa kwamba unawaua, jina lenyewe la kitaalamu maana yake muua panya, wazee wa Amerika ya Kati huko lilikotoka walikuwa wanatengeneza sumu kwa magome na majani yake, mimi sijajaribu na paka wangu yupo.

Kwa wa Dodoma na Singida huko kukavu, bwana shamba wetu anasema msikimbilie hii, mna mkababu ambao unapukutisha majani masika wakati mahindi yanataka jua, na unavaa majani kiangazi wakati watu wote wako uchi. Mti wa kuheshimiwa, ila unachukua miaka mingi kuwa mkubwa, unapanda kwa ajili ya watoto.

Maksi sasa. Ubora wa miche ya nyuma: tano kwa tano, vinundu, mizizi haijajikunja chini ya kiriba, ilishika haraka. Bei: nne, 500 ni ya mtaani, ukiwa na mti mkubwa wa jirani unaweza kukata vipande vya matawi ukachomeka bure, ila vya kuchomeka mizizi yake inakaa juujuu, ya mbegu inazama chini na haigombani na mahindi. Huduma: tano, mama anasikiliza, na alikubali miche yake ichanwe. Uwazi: mbili, kwa sababu ya ile urea ya mbele. Jumla nyota nne.

Kuhusu yule mzee wa mijohoro, sijarudi kumgombeza. Mijohoro imekuwa mirefu kweli, nimeifanya mpaka wa shamba, mwakani nakata nguzo.

Juzi nilipita kitaluni kuagiza kaliandra 40 kwa ajili ya ng'ombe wa dada yangu. Ile mistari ya mbele bado inang'aa barabarani, kibao hamna. Nikamwambia mama niwekee zile za nyuma, zilizopauka. Akacheka, akasema hizo chukua muda wowote dada yangu, hizo hazina mtu anayezigombania.